Profesa wa Zürich na Ua la Molo

Chuoni kwetu Mombasa, msomaji wangu, tulihifadhi juzuu huku mwalimu ameweka miguuni pake ile dawa ya mbu iliyosokotwa kama nyoka, moshi wake ukitupalia. Kwamba asili ya dawa ile ni ua, sikujua. Ua lenyewe nimekuja kuliona ukubwani, nilipopanda Molo, juu ya Nakuru: jeupe, moyo wa manjano, huwezi kulidhania sumu.

Hilo ndilo pareto. Aliyeichokonoa siri yake ni Hermann Staudinger, Mjerumani aliyezaliwa 1881, akawa profesa wa kemia Zürich tangu 1912. Yeye na msaidizi wake, Leopold Ružička, walihangaika na maua hayo miaka mingi, hata mwaka 1924 wakatangaza kuwa kinachoua mdudu ni pairethrini, za aina mbili. Walijaribu kuziiga, wasifue dafu. Baadaye Staudinger akashika jambo la mpira na plastiki, akidai kuwa ni minyororo mirefu ya molekuli. Wenzake wengi walimpinga. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Ružička alikwisha kuipata yake, 1939.

Ya Zürich tuyaache. Pareto iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ikapenda baridi ya milima hii. Vita Vikuu vya Pili vilipowakatia walimwengu pareto ya Japani, Kenya ikashika usukani. Kiwanda kikawa Nakuru, na mkulima akalipwa kwa kadiri ya pairethrini iliyomo uani. Kina mama wa Molo na Elburgon wachume kwa mkono, waanike juani, kisha mizani yao isomwe na mkemia!

Pareto ina ila moja: jua huivunja nguvu upesi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini, iliyoundwa maabara kwa kufuata umbile la pairethrini, nayo haijali jua. Hiyo ikaja kutiwa vyandaruani, na mimi mtu wa pwani nitailaumuje? Lakini kwa ushindani huo, na malipo yaliyocheleweshwa miaka nenda miaka rudi, wakulima wengi wa Molo waling'oa pareto wakapanda viazi.

Mama mmoja alinionyesha mstari mmoja aliouacha pembeni mwa shamba.

"Mama, huu wa nini?"

"Wa kuku, mzee. Nakausha, nasaga, nawapaka. Viroboto hawakai."

Kuku wake, kweli, walikuwa wametakata.