Mikoko ya Kudha: kompyuta yahesabu, mvua yabadilika

Kutoka Kismayo kuelekea Ras Kamboni, nyuma ya visiwa vya Wabajuni, mahori yamejaa mikoko. Kwa watu wa Kudha msitu huo ni ghala: hutoa boriti, mazio na fito, na ndani yake hukulia kamba na kaa. Mfanyabiashara wa Lamu au Kismayo angependa kujua ghala hilo litakuwa na nini miaka 20 ijayo. Siku hizi swali hilo huulizwa kompyuta.

Kompyuta hulishwa takwimu za mvua, joto, chumvi na picha za setilaiti, kisha hukisia msitu utakavyokua. Mbinu hiyo hutumika pia kwa misitu ya baridi ya Kanada na Urusi, na huko nako wastani umewahadaa wengi, kwani mwaka mmoja wa ukame au moto hufuta ukuaji wa miaka mingi.

Pwani hii mambo ni makali zaidi. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo Somalia. Vuli ya 2023, El Niño ikaleta mafuriko bonde la Juba. Jumlisha, gawanya, utapata wastani usiomtisha mtu. Ni kama kumwambia nahodha kwamba upepo wa mwaka ni wa kadiri, ilhali Kusi la Juni ndilo litakalomvunjia jahazi.

Ukame huzidisha chumvi matopeni. Mchu huivumilia, miche mingine hunyauka. Mafuriko nayo huleta tope linalofukia mizizi inayovuta hewa. Hori la Mwache, Mombasa, lilipoteza mikoko mingi hivyo baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Picha zenyewe zina kasoro. Kila setilaiti ya Landsat hupita mahali pamoja kila baada ya siku 16. Ikikuta mawingu ya masika, haioni kitu. Ikipita maji ya bamvua yamejaa, miche iliyozama huhesabiwa bahari.

Hili ni suala la pesa. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko tangu 2013, na miti yake hupimwa kwa mkono. Kudha, vita vya miaka mingi vimewazuia wapimaji. Mnunuzi wa kaboni akija leo, hesabu atakayoonyeshwa itakuwa imetoka angani, bila mkata boriti hata mmoja kuulizwa ni hori lipi lilikauka na mwaka gani.