Kitambaa Kwanza, Cherehani Baadaye

Anayekwenda kununua cherehani ya kwanza huulizwa kama anataka ya miguu au ya umeme, kisha huanza kuhesabiwa aina za mishono iliyomo. Kuna swali linalopaswa kutangulia yote hayo: utashona kitambaa gani?

Jibu lake linahusu jambo linalofanyika chini ya bamba la chuma, mahali ambapo mshonaji haoni. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha, tofauti na ya mkono. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye mashine ambayo Elias Howe wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1846, na hivyo ndivyo ilivyo leo. Sindano hushuka na uzi wa juu hadi mwisho, kisha huanza kupanda. Upande mmoja ina mfereji mrefu ambamo uzi hupita bila kubanwa. Upande wa pili mfereji huo haupo, kwa hiyo uzi hubanwa kati ya chuma na kitambaa, na msuguano huuzuia usipande. Sindano ikipanda milimita 2 hivi, uzi uliozuiwa hutuna ukawa kitanzi kidogo. Hapo kulabu inayozunguka hukidaka, hukipanua na kukipitisha kuizunguka bobini yenye uzi wa chini, nyuzi hizo mbili zikafungana. Mashine nyingi za umeme za nyumbani zinaweza kurudia kazi hiyo mara 800 kwa dakika.

Kitanzi kisipotokea, mshono huruka, hata kama mashine ni ya bei mbaya.

Kitenge humrahisishia mwanafunzi kazi. Nyuzi zake za mtande na mshindio zimekazana, hutulia sindano inapopita, na kitanzi hujitokeza bila shida. Fulana imeundwa kwa vitanzi vilivyoshikana. Huvutika, hung'ang'ania sindano na kupanda nayo. Uzi ukipanda pamoja na kitambaa, kulabu haina cha kudaka. Hapo hutumika sindano ya ncha butu, inayopenya katikati ya nyuzi bila kuzitoboa. Tena mshono ulionyooka hauna uzi wa akiba: vuta shingo ya fulana ili ipite kichwani, utausikia ukikatika. Mshono wa zigizaga huweka uzi mrefu zaidi katika umbali uleule, ndiyo maana hustahimili kuvutwa.

Basi kama nia yako ni vitenge, khanga na sare za shule, cherehani nyeusi ya chuma, ya miguu, yenye mshono mmoja tu ulionyooka, inakutosha kabisa. Mimi ningeanza nayo. Uzito wake huituliza, umeme ukikatika haijali, na kasi iko nyayoni mwako. Usumbufu wake ni gurudumu, ambalo siku za mwanzo hupenda kurudi nyuma na kuvuruga uzi. Anayetaka kushona fulana na nguo za michezo atafute ya umeme yenye zigizaga. Mishono ya maua na majani, kwa maoni yangu, hupamba boksi kuliko nguo.

Sindano nayo ina lugha yake: namba 90 maana yake ni unene wa milimita 0.9. Kitenge hushonwa kwa 80 au 90, jinzi kwa 100, shifoni kwa 70. Lakini shifoni na satini ziache kwanza. Huteleza hata mikononi mwa fundi.

Ukiambiwa kitambaa ni pamba tupu, chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibanio na uziwashe juu ya sahani. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kiwandani nyuzi zilivutwa zikakazwa, na maji huzilegeza zikarudi nyuma. Gauni lililoshonwa kabla ya hapo hubana baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kwenye duka la cherehani nenda na kitambaa chako na nyuzi za rangi mbili, moja juu, nyingine kwenye bobini. Shona tabaka mbili, kisha nne. Rangi ya bobini ikichomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno. Legeza kidogo kidogo kirungu kinachoukaza. Ukikizungusha na hali ikabaki ileile, mwambie muuzaji akuletee mashine nyingine.