Onyo la Simu Lisikufutie Madeni

WAFANYABIASHARA wa Kilosa na Mikumi wanaotunza hesabu za mikopo katika simu wanashauriwa wasifute programu zao kwa sababu tu simu mpya imeonya kuwa programu ni ya zamani.

Kutopatana kwa kweli wanakujua. Reli ya Kilosa hadi Kidatu kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA ni 1,067. Behewa halivuki, mzigo huhamishwa Kidatu.

Onyo la simu ni jambo jingine. Tangu mwaka 2018, Android husoma namba ya toleo aliyoiandika mtengenezaji. Ikiwa ndogo mno, huonya, hata kama programu inafanya kazi vizuri. Hata hivyo lisipuuzwe: Android 14, ya mwaka 2023, hukataa kupokea upya programu yenye namba chini ya 23.

Dawa ni mtengenezaji apandishe namba, aijaribu programu, kisha atoe toleo lenye sahihi ileile ya kidijitali. Sahihi ikibadilika, toleo jipya hukataliwa. Ukifuta la zamani, madeni yaliyohifadhiwa humo tu hupotea.

Kabla ya kulipa fundi, nakili madeni daftarini, na mkataba utaje nani anatunza ufunguo wa sahihi.