Kabla ya Ayurveda kufika Shela, bibi alishajua moto na baridi

UKIPITA Shela msimu wa tamasha la yoga la Lamu, utakuta wageni wameketi mikekani na vikombe vya tangawizi na manjano, mazungumzo ni ya Ayurveda, tiba ya kale ya India. Huyu ‘pitta’ imemzidi, apunguze pilipili. Yule ana ‘kapha’ nyingi, aache maziwa. Barobaro wa Amu anayesikiliza kando anacheka kimoyomoyo. Si ndiyo haya haya bibi humwambia kila siku, tena bila kulipisha?

Kwa wazee wetu kila chakula kina tabia yake. Kuna cha moto na cha baridi, na hapa si habari ya sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Asali ni ya moto hata ikikaa kwenye friji. Embe nalo ni la moto. Ukila mengi ukatoka majipu, usitarajie kuonewa huruma. Dafu ni la baridi hata likianguliwa saa saba mchana jua likiwaka. Ndiyo maana mwenye kikohozi hunyimwa dafu, akapewa tangawizi na asali.

Tabia zenyewe ni nne: hari, baridi, yabisi (yaani ukavu) na rutuba (unyevu). Mwanaanthropolojia Marc Swartz, aliyewatafiti Waswahili wa Mji wa Kale, Mombasa, na kuchapisha kitabu The Way the World Is mwaka 1991, alieleza jinsi watu walivyouona mwili kama mizani. Upande mmoja ukizidi unaugua, na unatibiwa kwa kinyume chake.

Elimu hii tuliipata kwa Waarabu, nao waliirithi kwa Wayunani. Ibn Sina, aliyefariki 1037, ndiye aliyeipanga vizuri zaidi. Lakini na Ayurveda ni jamaa wa karibu. Karibu mwaka 850, tabibu Ali al-Tabari aliandika kitabu chake kikubwa cha tiba kwa Kiarabu, na ndani yake akatenga sehemu nzima ya tiba ya Kihindi. Hata neno letu ‘pilipili’ lina asili moja na ‘pippali’ ya Kisanskriti, ile pilipili ndefu ambayo Wahindi huisaga pamoja na pilipili manga na tangawizi kuwasha moto wa tumbo.

Ingia nyumba yenye mzazi aliye kwenye arubaini uone. Amepoteza damu, kwa hiyo mwili umeingia baridi. Ataletewa uji wa pilipili manga na mchuzi unaowasha hadi machozi yamtoke, na maji ya kuoga yawe ya moto. Akiomba maji ya barafu atatazamwa kama mtu aliyetukana.

Je, kuna ukweli? Kwa pilipili kali, ndio, angalau mdomoni. David Julius, mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, aligundua kwamba kile kinachowasha kwenye pilipili huamsha kipokezi kile kile cha neva kinachoamshwa na joto linalounguza. Kwa hiyo ubongo unapokwambia ‘moto’ hauzushi. Hilo halithibitishi kuwa embe huleta majipu, usije ukanikariri vibaya.

Kwangu mimi mambo yalichacha binamu yangu alipoambiwa ana sukari, na hajafika hata miaka thelathini. Aliweka tembe kabatini, akaanza uwatu na habasoda asubuhi na jioni. Uwatu kweli unaweza kuteremsha sukari kiasi, na ndio unaochanganya watu. Haumalizi kazi ya dawa, na ukiunywa pamoja na baadhi ya dawa kimyakimya bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka mno hadi ukaanguka.

Na chai je? Hakuigusa. Chai ya iliki na mdalasini, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, vikombe vinne kwa siku. Hivyo ni vijiko kumi na viwili. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, yaani kama vijiko hivyo hivyo kumi na viwili, na lasema ni heri zaidi kuishia 25. Bado mahamri, bado halua. Hapo ndipo sikubaliani na wale wanaosema turudi tu kwa vyakula vya wazee: chai yake ilikuwa na viungo vyote vinavyosifiwa, na ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Mizani ya moto na baridi haina pahali pa kuhesabia vijiko.

Siku hizi yuko barazani na kahawa tungu, chungu kweli kweli, na tende moja tu. Tembe anameza. Uwatu ameutaja kliniki, akaambiwa asubiri kwanza wapime. Aliporudi nyumbani bibi aliitisha zile tembe, akazigeuzageuza kiganjani, akauliza ni za moto au za baridi. Hakuna aliyejibu. Akaamua mwenyewe kuwa ni za baridi, basi zisimezwe na tumbo tupu.

Daktari naye alikuwa amesema azimeze baada ya chakula.