Mharagwe wa maua mekundu

Mharagwe wa maua mekundu (jina la kisayansi: Phaseolus coccineus) ni mmea unaoparamia wa familia Fabaceae, yaani jamii ya mikunde. Ni ndugu wa karibu wa mharagwe wa kawaida (Phaseolus vulgaris), lakini ni spishi nyingine. Usichanganywe na maharagwe mekundu yanayouzwa sokoni: hayo ni maharagwe ya kawaida yenye mbegu nyekundu, ilhali hapa wekundu unaotajwa ni wa maua. Katika Uingereza mmea huu ni miongoni mwa mboga zinazopendwa zaidi katika bustani za jamii, na huko maganda yake huliwa yakiwa mabichi.

Maelezo

Shina hujizungusha kwenye mti au kamba na kufikia urefu wa mita 2 hadi 3. Kila jani lina vijani vitatu. Maua hutoka kwa vishada, na mbegu ni kubwa, kwa kawaida sm 2 hivi, zenye rangi ya zambarau na madoa meusi. Rangi ya maua na ya mbegu huenda pamoja: aina zenye maua meupe huzaa mbegu nyeupe, na aina ya zamani iitwayo "Painted Lady", yenye maua ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, huzaa mbegu za kahawia zenye madoa.

Mambo mawili huutofautisha na mharagwe wa kawaida. La kwanza huonekana mbegu inapoota. Mwanafunzi aliyewahi kuotesha haragwe katika chupa yenye pamba atakumbuka jinsi ghalambegu mbili zinavyopanda juu na kufunguka. Za mharagwe wa maua mekundu hazipandi. Hubaki chini ya udongo, na kinachochomoza ni kichipukizi peke yake. Mwalimu mwenye mbegu za spishi zote mbili anaweza kuonyesha darasani aina zote mbili za uotaji kwa chupa mbili tu. La pili ni kwamba mmea huu si wa msimu mmoja. Una mzizi mnene kama kiazi unaoweza kuchipua tena mwaka ufuatao, ijapokuwa katika nchi za baridi kali mzizi huo hufa kwa jalidi, na kwa hiyo wakulima hupanda upya kila mwaka.

Asili na historia

Asili yake ni milima ya Mexico, Guatemala na nchi jirani, ambako ulilimwa kabla Wahispania hawajafika. Nchini Mexico mbegu zake huitwa ayocote. Wekundu wa maua huwavuta ndege wadogo wa Amerika wafyonzao mbochi, wanaofanana kwa tabia na chozi wa Afrika. Kwa kuwa ni mmea wa nyanda za juu, hupenda ubaridi wa wastani, na ndiyo maana ulifaa Uingereza kuliko mikunde mingi ya nchi za joto. Ulifika huko katika karne ya 17, na mwanzoni ulipandwa kwa uzuri wa maua yake.

Katika bustani za jamii

Bustani za jamii za Uingereza ni eneo moja lililogawanywa vishamba, na kila kaya hukodi kimoja kwa ada ndogo. Sheria ya mwaka 1908 iliziwajibisha halmashauri kutoa ardhi hiyo pale wakazi wanapoihitaji. Kwa desturi kishamba kamili kina mita za mraba 250 hivi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali iliwahimiza wananchi kulima chakula chao wenyewe, na vishamba viliongezeka sana.

Mharagwe huu unafaa mahali kama hapo kwa sababu hukua kwenda juu na hivyo hutumia nafasi ndogo, tena huzaa kwa wingi. Mwezi wa Agosti mtu mwenye miche kumi huwa na maganda kuliko anavyoweza kula, na kazi yake hugeuka kutafuta majirani wa kuwapa.

Kilimo

Udongo hutayarishwa mapema kwa kuchimba handaki na kulijaza mboji au samadi, kwa kuwa mizizi hutaka unyevu wakati wote. Miti mirefu ya mita 2.4 husimikwa kwa safu mbili na kufungwa pamoja juu, au kwa duara kama kibanda chenye ncha. Isimikwe kabla ya kupanda. Anayesimika baadaye hukata mizizi.

Mbegu hupandwa kina cha sm 5, moja au mbili kwa kila mti, kwa umbali wa sm 15 hadi 20. Uingereza hupandwa nje kuanzia katikati ya Mei, jalidi ikishapita, au huanzishwa vikoponi ndani ya nyumba mwezi wa Aprili. Adui wa miche ni makoa, wanaoweza kuimaliza yote kwa usiku mmoja. Baadaye huja vidukari weusi, ambao hukaa kwenye ncha changa. Kama mikunde mingine, mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo mimea ikiisha mashina hukatwa juu na mizizi huachwa udongoni.

Lalamiko la kawaida ni maua mengi yasiyotoa maganda. Sababu huwa ukavu wa udongo, joto kali, hasa la usiku, au upungufu wa nyuki. Ua hili kwa kawaida hutaka mdudu mzito alikanyage ili stigma ichomoze na kupokea chavua. Nyuki wakubwa wenye manyoya (jenasi Bombus) hufanya kazi hiyo vizuri, lakini baadhi yao wenye ulimi mfupi hutoboa tundu chini ya ua na kunywa mbochi bila kuchavusha.

Maganda huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu, yakiwa na sm 15 hadi 20, kabla mbegu hazijatuna. Ganda likiachwa kukomaa, mmea hupunguza kutoa maua. Hapo ndipo anayetaka mboga na anayetaka mbegu wanapopingana, hata kama ni mtu mmoja.

Kutunza mbegu

Kukusanya mbegu ni rahisi. Huchaguliwa mimea yenye afya na inayozaa vizuri, angalau kumi hivi ili kizazi kisidhoofike, na maganda yake ya mwanzo huachwa mpaka yawe makavu na ya kahawia. Mmea wenye majani ya madoa yaliyozungukwa na rangi ya njano usichukuliwe, kwa kuwa ugonjwa huo wa bakteria husafiri ndani ya mbegu. Mvua za vuli zikiwahi, mmea mzima hung'olewa na kutundikwa bandani. Mbegu iliyokauka sawasawa haiachi alama ya ukucha, na ikigongwa kwa nyundo huvunjika vipande badala ya kupondeka. Huhifadhiwa mahali pakavu na baridi, na hubaki na uwezo wa kuota kwa miaka mitatu au zaidi. Kuziweka kwenye friza siku kadhaa zikiwa kavu kabisa huua wadudu wanaobungua.

Kugumu ni kuitunza aina isibadilike. Mharagwe wa kawaida hujichavusha wenyewe mara nyingi, hivyo mbegu zake hutoka kama mzazi. Mharagwe wa maua mekundu huchavushwa na nyuki, na nyuki hajui mpaka wa kishamba. Ili aina mbili zisichanganyike hushauriwa zitenganishwe kwa mita 800 au zaidi, nafasi isiyopatikana pale jirani anapolima hatua tatu kutoka kwako.

Tena mchanganyiko huo haujionyeshi mara moja. Ganda la nje la mbegu ni sehemu ya mmea mama, kwa hiyo mmea wa maua meupe uliopokea chavua ya mmea wa maua mekundu bado huzaa mbegu nyeupe safi. Mkulima huziweka akiamini ni zilezile za babu yake. Mwaka unaofuata baadhi ya miche hutoa maua mekundu, na ikiwa hakuacha mbegu za zamani kama akiba, aina yake imekwisha kuharibika. Ndiyo sababu watunzaji wenye uzoefu hawapandi mbegu zote kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo katika bustani za jamii mbegu ya mharagwe huu haiwezi kuwa shauri la mtu mmoja. Njia ya hakika zaidi ni majirani wote kukubaliana kupanda aina moja. Pasipo makubaliano, mtu anaweza kufunika mimea michache kwa chandarua na kuyaminya maua kwa vidole asubuhi, akihamisha chavua kwa brashi ndogo. Ni kazi ya kuchosha yenye mavuno haba. Anaweza pia kupanda kwa wingi na kuchukua mbegu za katikati ya shamba tu, ambako chavua ya jirani hufika kidogo. Wengine huchimba mizizi kabla ya jalidi, huifunika kwa mchanga mkavu mpaka majira ya kuchipua, na kuipanda tena. Mmea unaotoka ni uleule wa mwaka jana, ila mbegu zake mpya bado zinaweza kuchanganyika.

Wapo wasiojali na kuacha kila kitu kichanganyike, wakichagua mbegu za mimea iliyofanya vizuri zaidi. Nao hawakosei, maadamu hawampi mwingine mbegu hizo kwa jina la aina ya zamani.

Sheria za Uingereza hutaka aina ya mboga iandikishwe rasmi kabla ya mbegu zake kuuzwa, na aina nyingi za kifamilia hazikuandikishwa kamwe. Hizi huishi kwa kupeanwa: kwenye siku za kubadilishana mbegu, au kupitia Heritage Seed Library ya shirika la Garden Organic, ambayo huwagawia wanachama wake badala ya kuuza.

Mapishi

Maganda machanga huondolewa nyuzi za pembeni, hukatwa mshazari vipande vyembamba, na kuchemshwa dakika 3 hadi 5 katika maji ya chumvi. Waingereza huyala pamoja na nyama ya kuoka. Kabla ya friza kuenea, ziada ilipangwa ndani ya mitungi kwa tabaka za maganda na chumvi.

Mbegu kavu zinataka tahadhari. Zina lektini, sumu inayosababisha kutapika na kuhara, na mbegu chache tu zisizoiva zinatosha kumwangusha mtu. Zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha zitokote kwa nguvu katika maji mapya si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto na kuendelea mpaka zilainike. Chungu cha umeme kinachopika polepole bila kutokota hakiondoi sumu hiyo.

Zikiiva huwa laini na zenye ladha inayokaribia njugu. Wagiriki huzioka kwa nyanya na mafuta ya zeituni, na katika jimbo la Styria nchini Austria huliwa kama saladi kwa vitunguu na mafuta ya mbegu za maboga. Zinakubali pia tui la nazi kama maharagwe mengine.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya aina za nafaka hulimwa katika nyanda za juu, kama vile Nyandarua. Aina za Ulaya za kula maganda zina shida nyingine: zimezoea siku ndefu za kiangazi, na karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, hazitoi maua vizuri. Wakulima wanaozilima kwa ajili ya soko la Ulaya hulazimika kuwasha taa mashambani usiku. Anayeletewa mbegu na ndugu aliyeko Uingereza asishangae basi akipata majani mengi na maua machache.