Nyongeza za Kivinjari, na Nani Mwenye Amri juu Yake

Aghalabu mtu akabidhiwapo kompyuta, iwe ameinunua kwa fedha zake ama amepewa kazini, huzipokea programu zilizomo kama mgeni apokeavyo chakula alichoandaliwa: hula kilichopo, na ikiwa chumvi imezidi hunyamaza. Matangazo yakimziba macho asomapo gazeti katika intaneti, hudhani kwamba hiyo ndiyo tabia ya intaneti. Maandishi yakiwa madogo kuliko kadiri ya macho yake, huinamia kioo. Na programu ya kuandikia barua ikimpigia mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, kana kwamba lugha nzima ni kosa, hujizoeza kuupuuza. Ni wachache wajuao kwamba takriban kila moja ya taabu hizo ina dawa, na kwamba dawa yenyewe kwa kawaida ni bure wala haihitaji fundi. Huitwa kiendelezi, na wengine huiita nyongeza.

Kiendelezi ni programu ndogo isiyoweza kufanya kazi peke yake, ambayo hupachikwa ndani ya programu kubwa ili iiongezee jambo ambalo walioitunga hawakulitia, au iiondolee lile walilolitia pasipo kuulizwa. Kwa upande wa vivinjari, ndani yake hamna miujiza: ni mafaili machache yaliyoandikwa kwa lugha zilezile zinazoandikiwa kurasa za tovuti, pamoja na faili moja la utambulisho liitwalo manifesti, ambamo mtungaji hutaja jina la kazi yake, toleo lake, na, jambo lililo zito kuliko yote, ruhusa anazoziomba. Akishapewa ruhusa hizo, kiendelezi chake huweza kuusoma ukurasa mara tu unapowasili, kabla mwenye kompyuta hajamaliza kuutazama, kikafuta kipande, kikakuza herufi, kikafasiri aya. Tena huweza kusimama baina ya kivinjari na mtandao na kulizuia ombi lisitoke kabisa.

Habari za nyongeza hizi haziwezi kutengwa na habari za Firefox. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape, ikiwa imezidiwa nguvu na Microsoft, iliufungua msimbo wa kivinjari chake ili kila ajuaye ausome na kuubadili, na kutokana na uamuzi huo ukazaliwa mradi wa Mozilla. Mradi huo ulikua ukawa mzito, maana programu yake ilibeba kivinjari, barua pepe na chombo cha kutungia kurasa, vyote kwa pamoja. Ndipo vijana wachache, miongoni mwao Blake Ross, Dave Hyatt na Joe Hewitt, walipoazimia kutoa kivinjari chepesi, ambacho kilitokea mwaka 2002 kwa jina la Phoenix, kikaitwa Firebird mwaka 2003, na hatimaye, tarehe 9 Novemba 2004, likatolewa toleo lake la 1.0 kwa jina la Firefox. Muradi wao ulikuwa dhahiri: kivinjari kibaki na yale machache yanayohitajiwa na walio wengi, na mengine yote kila mtu ajitilie kwa hiari yake.

Hiari hiyo ilikuwa pana mno. Sura nzima ya Firefox, vitufe vyake, menyu zake na vichupo vyake, iliandikwa kwa lugha iitwayo XUL, na kiendelezi kiliweza kuingia humo kikapanga upya chochote, bila mpaka. Mwanafunzi wa Denmark, Henrik Aasted Sørensen, alikuwa amekwisha kutunga Adblock mwaka 2002, nayo ikawaonyesha watu kwamba tangazo si sehemu ya maumbile ya ukurasa. Mwaka 2006 Joe Hewitt akatoa Firebug, iliyomwezesha mjenzi wa tovuti kuupekua ukurasa kipande kwa kipande na kuubadili papo hapo, na leo hakuna kivinjari kikubwa kisicho na chombo kinachofuata nyayo zake. Walakini iliyonivutia mimi kuliko zote ni Greasemonkey, aliyoianzisha Aaron Boodman mwishoni mwa 2004, kwa sababu haikufanya kazi moja maalumu, bali ilimpa mtumiaji yeyote mwenye ujuzi kidogo uwezo wa kuandika mistari michache na kuitengeneza tovuti ya mtu mwingine jinsi apendavyo, ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ilhali mwenye tovuti hana habari. Hapo swali la nani mwenye amri juu ya ukurasa, aliyeuandika ama anayeusoma, lilipata jibu ambalo wenye tovuti wengi hawakulipenda.

Lakini uhuru usio na mpaka ulikuwa na gharama zake. Maadamu kila kiendelezi kilishika matumbo ya kivinjari, wahandisi wa Mozilla hawakuweza kusogeza kitu ndani yake pasipo kuharibu kazi za watu; kila toleo jipya lilikuja na vilio, na kiendelezi kimoja kibovu kiliweza kukipooza kivinjari kizima. Wakati huohuo Chrome ya Google, iliyotokea Septemba 2008, ilianza kupokea viendelezi katika toleo lake la kawaida Januari 2010, kwa njia iliyo finyu zaidi, na kati ya walioijenga njia hiyo alikuwamo Boodman yuleyule. Tarehe 14 Novemba 2017, lilipotoka toleo la 57, Firefox ilivifungia mlango viendelezi vya zamani vyote, ikafuata utaratibu unaokaribiana na ule wa Chrome. Faida yake ni kwamba siku hizi kiendelezi kimoja huweza kutumika katika Firefox, Chrome na Edge kwa marekebisho machache. Hasara ni kwamba kazi nyingi za ustadi zilikufa siku ile bila kuacha mrithi. Nilisikitika kama wengine, ingawa sioni njia nyingine ambayo wahandisi wale wangeweza kuishika.

Sasa natuzitazame zile ruhusa. Kivinjari humwonya mtumiaji, kabla hajakubali, kwamba kiendelezi fulani kitaweza kusoma na kubadili data zake zote katika tovuti zote, naye hubonyeza kukubali upesi kama atiaye saini karatasi ya benki asiyoisoma. Maneno yale hayana chumvi: yana maana ya barua zake, akaunti yake ya fedha, na maradhi aliyoyaulizia usiku wa manane. Mwaka 2016 waandishi wa shirika la utangazaji la Ujerumani, NDR, walifichua kwamba Web of Trust, kiendelezi ambacho kazi yake ilikuwa kuwatahadharisha watu na tovuti zisizoaminika, kilikuwa kikikusanya orodha ya kurasa walizozitembelea watumiaji wake, na kwamba habari hizo ziliuzwa. Kisha kuna kisa cha The Great Suspender, kilichopunguza uzito wa kompyuta kwa kuvilaza vichupo visivyotumika, kikapata watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mtungaji wake alikiuza, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa na msimbo wenye madhara. Katika kisa hiki hakuna mtumiaji aliyedanganywa siku alipokiweka, kwani siku hiyo kilikuwa safi. Viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya, na amana huweza kuhama kutoka mkono hadi mkono pasipo jina kubadilika wala mwenye kompyuta kuarifiwa.

Kwa ajili ya khiyana kama hizo, Mozilla iliamuru kila kiendelezi kiwe na saini ya kidijitali itokayo kwake, la sivyo Firefox ikikatae. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2019 cheti kilichozithibitisha saini hizo kilifikia mwisho wa muda wake, hakuna aliyekihuisha, na viendelezi vya watu wema duniani kote vikazimika. Marekebisho yalianza kupelekwa siku ileile. Hata hivyo waliotumia Tor Browser, ambayo msingi wake ni Firefox na ambayo hutegemewa na watu walio hatarini wakijulikana, walijikuta kiendelezi cha NoScript, sehemu ya kinga yao, kimezimwa bila hiari yao.

Mvutano huo baina ya uhuru na usalama ungali unaendelea, na safari hii umevaa jina la Manifesti ya tatu. Hapo awali kizuia-matangazo kiliulizwa juu ya kila ombi lililotaka kutoka, nacho kikaamua. Katika utaratibu mpya wa Chrome, kizuia-matangazo hukabidhi orodha ya kanuni mapema, na mwamuzi ni kivinjari. Google yasema kwamba utaratibu huo ni salama na mwepesi zaidi, na hoja hiyo ina uzito kwa aliyekwisha kusikia habari za The Great Suspender. Lakini ni vigumu kusahau kwamba msemaji hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na matangazo. Kuanzia 2024 Chrome ilivizima viendelezi vya utaratibu wa zamani, kikiwamo kizuia-matangazo uBlock Origin cha Raymond Hill, ambaye ametoa toleo jepesi linalofuata kanuni mpya na lenye uwezo pungufu. Firefox imebaki kuzipokea njia zote mbili.

Ule mstari mwekundu nao una dawa yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishughulikia mradi uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Na leo LibreOffice, iliyo katika ukoo huohuo, ina nyongeza ya kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Chombo kinachoisoma kamusi hiyo ni Hunspell, kilichobuniwa kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo kama yetu hubandika viambishi juu ya viambishi: faili moja lina mashina ya maneno, na la pili lina kanuni za kuyavisha, maana hakuna awezaye kuorodhesha analima, walilima na tusingelilima mpaka amalize.

Limebaki suala la simu, ambayo kwa wasomaji wengi ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Safari ya iPhone huvipokea tangu 2021, na Firefox ya Android, ambayo kwa muda iliruhusu vichache tu, ilifungua mlango kwa mamia mengine Desemba 2023. Kwa mtu anayenunua bando kwa siku, kizuia-matangazo si anasa, kwani tangazo ambalo ombi lake halikutoka halili bando. Gazeti, kwa upande wake, halipati malipo ya tangazo ambalo halikuonekana, na waandishi wake wana watoto wa kulisha. uBlock Origin ina kitufe cha kuizima katika tovuti moja na kuiacha katika nyingine, nami kwenye magazeti mawili nisomayo kila asubuhi nimeizima.