Mvua ya Kitale na Vitendawili vya Babu

Sisi wa pwani tukitajiwa mwezi wa Agosti, kinachotujia akilini ni upepo wa kusi, bahari iliyochafuka, na watoto wa likizo wanaoshinda uwanjani mpaka adhana ya magharibi iwarudishe majumbani. Mvua yetu kubwa ni ya masika, na aghalabu kilele chake ni Mei. Shule zikifungwa Agosti, mzazi wa Mombasa au Malindi hana haja ya kuumiza kichwa akitafuta la kuwashughulisha watoto ndani ya nyumba. Uwanja unatosha, na ufuo unatosha.

Kitale mambo ni mengine. Mji ule uko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, baina ya mlima Elgon na milima ya Cherangani. Mvua zake huanza Machi au Aprili zikaendelea hadi Novemba, na Agosti ni miongoni mwa miezi yake mikubwa. Asubuhi jua huwaka vizuri mno, ukadhani leo tumesalimika. Adhuhuri ikishapita, mawingu hujikusanya juu ya milima, baridi ikaingia, na kabla ya alasiri mbingu zimefunguka. Hapo watoto huitwa ndani, mlango ukafungwa, na swali likazuka: sasa wafanye nini?

Swali hilo lilinikuta mwenyewe mwaka 2024, nilipokwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Mumewe ni kijana wa Kibukusu, Mwislamu wa Bungoma, nao wamejaaliwa watoto watatu: msichana wa miaka kumi, mvulana wa miaka minane, na kitinda mimba wa miaka mitano. Nilikuwa nina miaka miwili sijawaona.

STIMA ILIPOPOTEA

Siku ya kwanza mvua ilipoanza, binti yangu alikimbilia kuchomoa waya wa televisheni. Alichelea radi, kwani radi za nchi ile hazina mzaha. Hazikupita dakika tano, stima ikapotea yenyewe. Simu ya mama yao, ambayo mvulana alikuwa ameiinamia tangu adhuhuri, nayo ikazimika. Watoto wakanigeukia mimi, kama abiria wanavyomgeukia nahodha upepo unapokatika.

Nami, msomaji mpenzi, nilifurahi kimoyomoyo. Mtu ambaye riziki yake ni maneno, atashindwaje na watoto watatu? Nikakaa kitako mkekani, nikaita: "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika kwa pamoja. Hilo walilijua, wamefunzwa shuleni.

Nikawategea: "Bibi yangu ana kanga moja, upepo ukija huivaa, upepo ukienda huivua." Kimya. Nikawategea cha pweza, mwenye mikono minane asiye na bega. Kimya. Nilipofika kwenye dafu, yule mdogo alikuwa keshasinzia.

Kama ijulikanavyo, walioshindwa humpa mtegaji mji ndipo awafumbulie. Nikawaambia, "Basi nipeni mji." Msichana akanipa Kapenguria. Nikaukataa. Akanipa Eldoret. Nikawa nangoja nipewe Mombasa, ndipo mvulana akauliza: "Babu, hiyo kanga ya bibi ni nini?"

"Ni tanga la jahazi."

"Na tanga ni nini?"

Nilichukua kalamu nikamchorea. Akalitazama lile jahazi langu kwa adabu, kisha akageuka akatazama mvua dirishani.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimeambiwa kuwa wajukuu zangu wanapata alama nzuri za Kiswahili, na ni kweli, nimeyaona madaftari yao. Lakini Kiswahili cha daftari ni kimoja, na cha mkekani ni kingine. Niliingiwa na hofu kwamba hiki cha mkekani, nilichokipokea kwa bibi yangu, kitafika kwa mama yao kikakoma.

Katika kuwaza, nikakumbuka jambo. Vitendawili vya bibi yangu vilitunasa kwa sababu jawabu lilikuwa limeketi nasi chumbani: mbuzi ya kukunia nazi, kinu, taa, mkeka, mlango. Kitendawili humfumba mtoto kitu alichokiona mara elfu, kikifumbuliwa akakiona upya. Ukimfumbia asichopata kukiona, huo si mchezo tena, ni mtihani. Kosa halikuwa la wale watoto. Lilikuwa langu.

ASUBUHI YA MAKUMBUSHO

Siku ya pili nilifuata desturi ya wenyeji: la nje hufanywa asubuhi. Tukaenda Makumbusho ya Kitale. Asili ya mahali pale ni Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyekuwa na hamu kubwa ya kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi, na alipofariki mwaka 1966 aliusia hazina yake kwa makumbusho ya taifa. Jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Sisi tulikuwa tumekwisha kuwa na makumbusho yetu ya Fort Jesus tangu 1960, lakini huko bara, nje ya Nairobi, Kitale ndiko kulikotangulia.

Watoto walisimama sana mbele ya vipepeo waliopangwa safu, kila mmoja na jina lake. Tuliporudi na mvua ikatufungia, msichana aliomba kasha tupu la viatu. Wakaanza makumbusho yao: ganda la hindi, unyoya wa kuku, mbegu, kipepeo waliyemkuta amekufa dirishani. Kila kitu kikaandikiwa jina kwa Kiswahili, na baba yao aliporudi kazini wakamlazimisha awape na jina la Kibukusu. Alasiri nzima ilikwisha, na hakuna aliyeulizia simu.

BUNGOMA KWA KUKHU

Mwisho wa wiki tuliteremka Bungoma kwa mkwe mwenzangu, mama wa kijana wetu, ambaye watoto humwita kukhu, yaani bibi. Bungoma iko chini ya Kitale na joto lake limezidi, lakini mvua ya alasiri ni ile ile. Mwaka ule ulikuwa wa tohara, kwani Wabukusu hutahiri wavulana wao Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili. Jamaa walikuwa wakienda na kuja, na nyumba imejaa watoto.

Mvua iliposhuka, wote walisongamana jikoni. Kukhu hakutangaza mchezo wowote. Alimwaga maharagwe katika ungo, akamgawia kila mtoto fungu lake la kuchambua, naye huku akikoroga chungu akasema kama anayejisemea: "Ndugu watatu wamebeba mzigo, hawachoki wala hawautui."

"Mafiga!" wakapiga kelele.

"Ng'ombe wangu mwekundu akilala mahali, nyasi haziliki."

"Moto!"

Yule kitinda mimba aliyesinzia kwangu, hapa alikuwa amesimama juu ya kigoda akinyoosha mkono. Majawabu yote yalikuwa mle jikoni, mengine yakitoa moshi. Nami nilikaa pembeni nikijifunza kazi yangu upya.

Nikamwomba kukhu hadithi. Akacheka. "Mkwe, kwetu ngano ni za usiku." Nikamwambia hata kwetu, bibi yangu alishikilia kuwa anayesimulia ngano mchana huota pembe. Tukiwa katika maneno hayo, wingu likatanda, jikoni kukawa giza, na radi ikapiga. Kukhu alichungulia mlangoni, akarudi akaketi. "Jua likishafungiwa," akasema, "usiku ndio huo."

Akaanza ngano ya linani, jitu lenye kula watu. Alipomaliza, nikawapa ya zimwi, kama nilivyoipokea. Sikufika mbali, mvulana akaruka: "Babu, huyo ndiye linani!" Naam, ndiye. Linani na zimwi ni watu wa ukoo mmoja: wote wana tumbo kubwa, na wote hushindwa na mdogo mwenye akili. Safari hii hakuna aliyeniuliza zimwi ni nini, kwa kuwa kukhu alikuwa ameshanitangulizia njia.

Mvua ilipiga bati hata adhana ya alasiri hatukuisikia. Tukatazama saa, tukapanga safu sebuleni, na mvulana akakimu Swala. Baada yake niliwafundisha dua ya kuomba mvua iwe ya manufaa. Nao wanahitaji kuijua, kwani nchi ile ni ya mahindi na mvua ya mawe huyararua.

VYA KUFANYA MVUA INAPONYESHA

Tuliporudi Kitale nilikuwa na mtaji mpya. Nikawategea: "Mzee wangu amevaa kanzu kumi, ukimvua zote, amebaki meno matupu." Wakapata mara moja: hindi. "Wageni wangu hugonga paa wote pamoja, ukiwashika mkononi huyeyuka." Mvua ya mawe. Kisha zamu ikawa yao kutega, na mimi kushindwa.

Kwa mzazi aliyefungiwa ndani, haya hayana gharama. Chora kwa chaki sakafuni safu nne za vishimo vinane, ukawape watoto punje 64 za mahindi, mbili kila kishimo. Hilo ni bao la kujifunza, na anayelicheza hujikuta anajua hesabu. Mdako wataka vijiwe tu na mkono mwepesi. Mahindi mabichi yachomwe kwenye jiko, ila dirisha liachwe wazi, kwani hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua.

Halafu kuna mchezo wa mizani: kila mtoto atunge kipande cha silabi nane, akihesabu kwa vidole. Msichana alianza, "Radi yalia Kitale," na mdogo wake akamalizia, "kukhu asema tulale." Tuhesabu tutakavyo, mizani imetimia na vina vimekaa. Kwa kipande hicho kimoja, safari yangu ilikuwa imelipa.

Lakini mambo yote haya yana sharti moja, nalo ni mtu mzima kuketi chini pamoja nao. Kukhu hakuwatuma watoto wakacheze. Alikuwa na kazi yake na akawaingiza ndani yake. Wengi wetu hutaka mchezo utakaowaondoa watoto miguuni petu, kisha tukalalamika kuwa hawajui lugha yetu.

Oktoba, mimi nikiwa Mombasa, simu ililia. Alikuwa mvulana. Hakunisalimu vizuri, alikuwa na haraka. "Kitendawili!"

"Tega."

"Ngoma hupigwa juu, wachezaji wako chini."

Nikafikiri. Nyumba yetu ya zamani ina dari nene ya mawe na boriti. Ndani yake mvua haisikiki. Nikakiri kushindwa.

"Basi nipe mji, Babu."

Nikampa Mombasa. Akaipokea, akaniambia ni mvua juu ya bati, akakata simu.